Wimbo ni wa Mgonjwa au wa Hospitali?

Tewksbury ni mji mdogo katika jimbo la Massachusetts, Marekani, jirani na Lowell. Hospitali ya serikali iliyopo hapo ilifunguliwa mwaka 1854 ikiwa nyumba ya maskini, na kwa miaka mingi ilikuwa mahali pa kuwekwa watu ambao hakuna aliyewataka. Mwaka 1876 aliletwa hapo mtoto wa kike mwenye macho mabovu, Anne Sullivan, pamoja na mdogo wake Jimmie. Jimmie alifia humo humo baada ya miezi michache. Wakaguzi walipokuja, Anne aliwafuata akawaomba apelekwe shule. Mwaka 1880 akapelekwa Perkins, shule ya wasioona ya Boston, na mwaka 1887 akawa mwalimu wa Helen Keller. Naanzia hapo kwa sababu hospitali hiyo hiyo, karne moja na ushei baadaye, ndiyo iliyofungua mlango kwa jambo ninalotaka lijadiliwe: watu wenye ulemavu mkubwa wa viungo, na wengine wenye maradhi ya akili, waliwekewa programu ya kompyuta watunge muziki wao wenyewe.

Programu hiyo ni Hyperscore. Ilitoka katika Media Lab ya chuo cha MIT, kwenye kikundi cha mtunzi Tod Machover, na waliohusika zaidi kuisuka ni Mary Farbood na Egon Pasztor. Awali ilikuwa ya watoto, kwa ajili ya mradi wa muziki wa Toy Symphony uliozinduliwa Berlin mwaka 2002. Mwanafunzi mwingine wa kikundi hicho, Adam Boulanger, akaifanyia kazi wodini.

Lowell ina Wakenya wengi, na wengi wao wanafanya kazi ya uuguzi na kuhudumia wagonjwa. Ndiyo maana sauti tatu nilizozitunga kubeba mjadala huu nimezikalisha huko, kwenye sebule ya ghorofani. Yupo shangazi aliyeuguza wagonjwa wa muda mrefu karibu maisha yake yote ya kazi. Yupo mpwa wake, kijana anayetunga muziki kwa kompyuta. Na yupo mjomba wa kijana huyo, fundi umeme wa zamani aliyevunjika uti wa mgongo, ambaye sasa anatumia kiti cha magurudumu. Nitaingilia kati nikiona haja, na msimamo wangu sitauficha: naamini mgonjwa apewe nafasi ya kutunga. Ugomvi wangu uko kwenye yanayofanyiwa utunzi wake baadaye.

MPWA: Shangazi, ngoja nikueleze inavyofanya kazi kwanza, ndipo ukatae. Unafungua kidirisha kwenye skrini. Kushoto kwenda kulia ni muda, chini kwenda juu ni sauti nene hadi nyembamba. Unaweka vitone, hiki kifupi, hiki kirefu, mpaka upate kipande cha wimbo cha sekunde chache. Unakipa rangi, tuseme nyekundu. Unatengeneza kingine, cha bluu. Halafu unahamia kwenye ukurasa mkubwa mtupu, unachora. Ukivuta mstari mwekundu, kile kipande chekundu kinajirudia mpaka mstari uishe. Ukiupandisha mstari, sauti zinapanda nao. Katikati ya ukurasa kuna mstari mmoja wa mapatano ya sauti. Ukiukunja, muziki unakaza kana kwamba unadai jibu. Ukinyooka, muziki unatulia. Kazi ikiisha inaweza kutolewa kwa noti za kawaida, wakapewa watu wa fidla na selo wakapiga. Hakuna mahali umeulizwa kama unajua kusoma noti.

SHANGAZI: Na mkono wa kuchorea unatoka wapi? Wapo niliowahudumia ambao wanasogeza kidole gumba tu. Wapo wa kichwa tu.

MPWA: Kichwa kinatosha. Dan Ellsey, wa hapo hapo Tewksbury, ana mtindio wa ubongo. Hazungumzi kwa kinywa, na viungo vyake havimtii. Anatumia kielekezi cha kichwani chenye miale ya infraredi, kompyuta inafuata kichwa kinapoelekea. Mwaka 2008 alipanda jukwaa la TED kule Monterey, California, pamoja na Machover, akapiga utunzi wake mwenyewe, "My Eagle Song". Na usidhani kompyuta ilicheza yeye akatazama. Boulanger alikuwa amemtengenezea chombo kinachotii mwendo wa kichwa chake, hivyo pale jukwaani yeye ndiye aliyeamua muziki ukimbie wapi, upungue wapi, sauti zikatike wapi na ziungane wapi.

SHANGAZI: Nimekusikia. Sasa na wewe nisikilize. Mtu wa namna hiyo hajigeuzi kitandani. Sisi ndio tunaomgeuza, kila saa mbili, usiku na mchana, asipate vidonda vya kulalia. Kumtoa kitandani kumweka kwenye kiti ni kazi ya watu wawili na mashine ya kunyanyulia. Akishakaa unamweka kichwa sawa, unatazama nyonga zisiinamie upande mmoja, unanyoosha nguo iliyokunjika chini yake kwa sababu yeye hawezi kukuambia inamuumiza, na baada ya saa moja mkunjo ule umeshakuwa alama nyekundu. Kile kielekezi kikienda upande kidogo tu hakishiki. Anapoanza mstari wake wa kwanza, ama chakula cha mrija kimefika, ama misuli imekaza, ama zamu inabadilika. Wewe unanieleza programu. Mimi nakueleza dakika ishirini zinazobaki.

MPWA: Dakika ishirini si haba.

SHANGAZI: Si haba kama ninyi ndio mnaoleta watu wa kumkalisha.

Hapa nasimama na shangazi bila kusita. Habari zinazoandikwa kuhusu teknolojia ya watu wenye ulemavu huanza mtu akiwa tayari ameketi, ameoshwa, kifaa kimefungwa, taa inamulika. Saa nzima iliyotangulia haionekani. Katika kazi hii mtambo ndio rahisi kupatikana. Mikono ndiyo ghali. Hospitali inayonunua programu bila kuongeza hata mtu mmoja kwenye zamu imenunua kitu cha kuwaonyesha wageni.

SHANGAZI: Na lingine. Nani katunga? Kama mashine ndiyo inayopatanisha sauti, na mtaalamu ndiye aliyeshika kipanya, mgonjwa wangu kafanya nini?

MPWA: Frederick Delius alifanya nini? Alikuwa amepofuka na kupooza, nyumbani kwake Grez-sur-Loing, Ufaransa. Mwaka 1928 akaenda kwake kijana wa Yorkshire, Eric Fenby, akajitolea kumwandikia. Delius akawa anatamka noti kwa noti, ala kwa ala, na Fenby anaandika, hadi Delius alipofariki mwaka 1934. Hakuna anayesema muziki ule ni wa Fenby.

SHANGAZI: Fenby alikuwa na masikio, na alikuwa anauliza. Mashine yako inauliza?

Swali hilo ni zito kuliko kijana anavyodhani. Programu inayokuzuia usitoe sauti mbaya inakusaidia kweli, hasa ukiwa huna nguvu ya kujaribu mara mia. Lakini pia inakunyima haki ya kukosea, na mtunzi asiyeweza kukosea hawezi kujulikana kwamba amechagua. Hyperscore yenyewe inaruhusu kuzima upatanishaji wa sauti, vipande vikabaki kama ulivyoviandika, hata vikigongana. Ningekuwa mimi ndiye ninayekaa na mgonjwa, ningemsikilizisha kazi yake kwa namna zote mbili na kumwacha aseme ipi ni yake. Akichagua inayokwaruza, wodi nzima isikilize inayokwaruza.

MJOMBA: Mmekwisha? Maana mnasema mgonjwa, mgonjwa. Mimi naumwa nini? Mgongo ulishavunjika, ukapona ulivyopona, sasa naishi. Lakini nilipokuwa kwenye ukarabati, kila nilichogusa kiliitwa tiba. Nikivunja yai kwenye kikaango, tiba. Nikirusha mpira, tiba. Siku moja nilicheka, nikamwona mtu anaandika kwenye faili. Nikaacha kucheka mbele yao. Sasa mnataka na wimbo niutunge ili mtu aandike kwamba hali yangu inaendelea vizuri?

MPWA: Mjomba, nia ni kukusaidia.

MJOMBA: Najua. Hebu niambie, Staff Benda Bilili walikuwa wanatibiwa nini? Wanaume wa Kinshasa waliopooza kwa polio, wanazunguka kwenye baiskeli za magurudumu matatu walizoziunda wao wenyewe, wanafanya mazoezi kwenye bustani ya wanyama. Yule kijana wao Roger Landu kachukua kopo, kijiti na waya mmoja, kaunda ala, na ule waya ukalia mpaka Ulaya wakasimama. Albamu ikatoka mwaka 2009, filamu yao ikaonyeshwa Cannes mwaka 2010. Hakuna aliyekaa pembeni kuwapima. Walikuwa wanatunga nyimbo, wanatafuta riziki.

SHANGAZI: Shemeji, hao walikuwa barabarani, wana mikono, wana wenzao, wana mji mzima wa kuwasikiliza. Wangu yuko chumba cha mwisho, dirisha linatazama maegesho ya magari. Bima hailipii burudani. Nisiposema tiba, huyu kijana na kompyuta yake hawapiti hata mlango wa mapokezi.

MJOMBA: Basi ni pasi ya kuingilia.

SHANGAZI: Ndiyo, ni pasi. Na mimi naitumia.

MJOMBA: Sawa, itumie. Ila ukishaingia usisahau kuivua. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akiutungia binti yake. Nani alimpima mapigo ya moyo kabla ya ubeti wa kwanza na baada ya ubeti wa mwisho?

SHANGAZI: Na alifariki mwaka 1860 hivi. Utunzi haukumwondolea ugonjwa. Kwa hiyo na huyu kijana asiniambie kwamba ana dawa.

MPWA: Mbona ushahidi upo, shangazi? Helsinki, mwaka 2008, Teppo Särkämö na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa wa kiharusi. Waliosikiliza muziki wanaoupenda kila siku kwa miezi miwili, kumbukumbu yao ya maneno ilirudi vizuri kuliko waliosikiliza vitabu vya kusomwa na kuliko wasiopewa chochote. Hapo Boston, tangu mwaka 1973, kuna njia ya kuwafundisha waliopoteza usemi kuimba sentensi fupi mpaka maneno yarudi. Michael Thaut ameonyesha jinsi mdundo unavyonyoosha mwendo wa mtu aliyepata kiharusi au mwenye Parkinson.

SHANGAZI: Kusikiliza, kuimba, kutembea. Kutunga nakutafuta sikuoni.

MPWA: Kule Australia Felicity Baker amefanya kazi miaka mingi ya kutunga nyimbo na watu walioumia ubongo na uti wa mgongo. Na Moscow kulikuwa na Vissarion Shebalin. Kiharusi kilimharibia usemi, hata kutaja vitu vya kawaida kukawa shida, na bado akamaliza Simfonia yake ya Tano mwaka 1962. Daktari mkubwa wa ubongo, Alexander Luria, aliandika habari zake mwaka 1965.

SHANGAZI: Shebalin alikuwa mtunzi kwa miaka mingi kabla ya hapo. Mimi nina mtu ambaye hajawahi kushika hata filimbi.

Amembana sawasawa. Wapenzi wa kazi hii tuna tabia ya kuazima ushahidi wa jirani. Utafiti wa kusikiliza haujibu swali la kutunga, na habari ya Shebalin inaonyesha kwamba muziki unaweza kuwa na njia yake kichwani hata njia ya maneno ikiharibika; haionyeshi kwamba mtu mpya akianza kutunga atapata nafuu ya viungo. Tukiahidi mkono utanyooka, na mkono usinyooke, watafunga chumba cha muziki na watakuwa na haki.

Ninachokiona mimi kiko mahali pengine. Itazame siku ya mtu anayeishi hospitali mwaka hadi mwaka. Saa ya kuamka si yake. Saa ya kuoga si yake, wala nani amwoshe. Chakula kimepangwa na mtaalamu wa lishe, chaneli ya televisheni imechaguliwa na aliyepita mwisho, hata upande wa kulalia umeandikwa kwenye ratiba. Akiulizwa jambo, mara nyingi ni swali la ndiyo au hapana, na jibu la kweli analijua anayeuliza: unaumwa, umeshiba, una baridi? Sasa mtu huyo umwambie achague sauti ya kwanza ifuatwe na ipi, ikae muda gani, nyekundu iingie kabla ya bluu au baada. Hakuna anayejua jibu. Daktari hajui, muuguzi hajui. Wote wanabaki kusubiri yeye aseme. Kutunga dakika mbili za muziki ni maamuzi mamia ya aina hiyo, na kila moja linabaki kwenye ukurasa mahali alipoliweka. Hilo ndilo ambalo mazoezi ya viungo hayawezi kumpa, hata yakifanywa vizuri kiasi gani, kwa sababu kwenye mazoezi lengo limewekwa na mwingine.

MJOMBA: Hapo tumeanza kuelewana. Lakini nina kinyongo na lile jukwaa la TED. Nimeitazama ile video. Mtu anaingizwa na kiti chake, na watu wameshajiandaa kulia kabla hajapiga chochote. Je, waliusikiliza wimbo? Au walimtazama yeye?

MPWA: Walisimama wakapiga makofi.

MJOMBA: Hilo si jibu. Wewe ulipopeleka wimbo wako studio, yule mzee alikuambia nini?

MPWA: Kwamba utangulizi ni mrefu na besi imemeza sauti ya mwimbaji.

MJOMBA: Ulifurahi?

MPWA: Nilinuna siku mbili. Halafu nikaurekebisha.

MJOMBA: Basi na mimi nataka ninune siku mbili. Mtu akitunga kwa kichwa kimoja na kielekezi, mwambieni utangulizi ni mrefu. Mkimwambia ni mzuri kila siku, atajua kwamba hamsikilizi.

SHANGAZI: Akikata tamaa je? Wengine wametoka kwenye mawazo ya kujiua, shemeji.

MJOMBA: Basi mjue nani wa kuambiwa leo na nani wa kuambiwa mwezi ujao. Si ndiyo kazi yenu? Lakini aambiwe.

Nakubaliana naye, pamoja na tahadhari ya shangazi. Mwalimu wa muziki anayefanya kazi wodini anahitaji ujuzi wa aina mbili, wa muziki na wa kuhudumia wagonjwa, na usipokuwepo wa kwanza, wa pili humezwa na huruma. Ndiyo sababu napenda mpango ambapo kazi inafikishwa kwa wapiga ala wenyewe. Mpiga selo hana uongo: akikutana na kipande kisichopigika kwa vidole vya binadamu atauliza, "Hapa ulitaka nini?" Na swali hilo linakwenda kwa mtunzi moja kwa moja, yule aliyezoea kuulizwa kama ana baridi.

MPWA: Kwa hiyo tunakubaliana kazi iendelee.

SHANGAZI: Iendelee kwa muda gani? Hilo ndilo hamtaki kuulizwa. Watafiti huja na ruzuku. Wanakaa, wanapendwa, wanajua hata jina la paka aliyeachwa nyumbani. Tasnifu ikiisha wanaondoka na maputo yanashushwa. Mimi nabaki na mtu anayetazama mlango kila Jumanne saa nane. Kompyuta inaomba nenosiri ambalo hakuna anayelijua. Mwaka unaofuata wakuu wa mitambo wanabadilisha mfumo, na programu ya zamani haifunguki. Wimbo wake umo ndani.

MPWA: Wimbo unaweza kutolewa kwa noti, ukachapishwa kwenye karatasi.

SHANGAZI: Unaweza. Nani ameutoa?

MPWA: Basi iwe sharti. Kila kikao kikiisha, kazi itolewe: faili ya sauti, noti kwenye karatasi, nakala kwa mtunzi, nakala kwa ndugu zake. Na watafiti wasiingie kabla hospitali haijamtaja mfanyakazi wake wa kudumu atakayeshika chumba wakiondoka.

SHANGAZI: Na zamu yake ilipwe. Usiniandikie mtu wa kujitolea.

MJOMBA: Na kwenye hiyo karatasi, juu kulia, panaandikwa nini?

SHANGAZI: Hapo pana sheria. Tangu mwaka 1996 kuna HIPAA. Habari za mgonjwa hazitoki. Ukisema fulani kaupiga wimbo akiwa wodi namba fulani, umeshasema fulani amelazwa.

MJOMBA: Kwa hiyo mnaandika "mgonjwa, mwanamume, mwenye mtindio wa ubongo". Ugonjwa mnautangaza, mtunzi mnamficha.

SHANGAZI: Akisaini idhini, jina linatoka. Sheria inaruhusu.

MJOMBA: Na asiyeweza kusaini?

SHANGAZI: Wengine wana msimamizi aliyewekwa na mahakama. Anasaini yeye.

MJOMBA: Msimamizi alitunga ubeti gani?

Ukiniuliza jambo moja la kubadilisha katika kazi hii yote, ni hili. Katika tafiti za kitabibu mtu hupewa namba, na ni halali, kwa kuwa anachokitoa ni damu au alama za mtihani. Utunzi si sampuli. Ukimchukulia mtu wimbo ukauweka kwenye kiambatisho cha ripoti chini ya namba, umemfanyia jambo ambalo usingethubutu kumfanyia mtunzi mwingine yeyote mjini. Fomu ya siri na fomu ya haki ya mtunzi ziwe mbili, zisomwe siku mbili tofauti, na ya pili imuulize mwenyewe mambo ya kawaida: jina liandikwe vipi, nani aruhusiwe kupiga, fedha ikipatikana iende wapi. Msimamizi asaini panapolazimu kisheria, baada ya mwenyewe kujibu kwa namna yake.

SHANGAZI: Kuna mmoja anajibu kwa macho. Juu ni ndiyo, pembeni ni hapana. Akichoka, macho yanakwenda juu yenyewe. Ukimuuliza jioni, kila kitu ni ndiyo.

MPWA: Aulizwe asubuhi. Aulizwe siku tatu mbalimbali, na swali ligeuzwe, mara ndiyo iwe kutoa jina, mara ndiyo iwe kuficha.

SHANGAZI: Hiyo naweza kuifanya. Hiyo haihitaji ruzuku.

MJOMBA: Na akisema hapana kwenye tamasha lenyewe? Ukumbi umeshalipiwa, wapiga ala wameshafanya mazoezi, mkurugenzi kaalika gazeti.

MPWA: Tunamwomba afikirie tena.

SHANGAZI: Hatumwombi. Wakishaanza kuja mmoja mmoja kitandani kumwomba, na mkurugenzi akaja, na mimi nikaja, atainua macho juu ili tumwache alale. Noti zake zinarudishwa kwenye bahasha, wapiga ala wanalipwa mazoezi waliyofanya, na programu ya tamasha inachapishwa upya bila kazi yake.